Siku ya Mambo Madogo

Tafakari ya wiki. Somo: Zekaria 4:6-10

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mstari wa 6 wa somo letu karibu kila mmoja anaujua kwa moyo: "Si kwa uwezo, wala si kwa nguvu, bali ni kwa roho yangu, asema BWANA wa majeshi." Tunauimba, tunauandika kwenye kuta za makanisa. Tukishuka kidogo tu, mstari wa 10, lipo swali ambalo huwa tunalipita mbio: "Maana ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo?"

Walioulizwa swali hilo walikuwa watu waliochoka. Walitoka uhamishoni Babeli, wakaweka msingi wa hekalu, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu (Ezra 3:12). Kisha ujenzi ukasimama kwa miaka. Sasa nabii anawaonyesha nini? Timazi mkononi mwa Zerubabeli. Mjukuu wa mfalme Yekonia, liwali wa Yuda, ameshika kamba ya fundi mwashi anapima ukuta kama umenyooka. Hiyo ndiyo picha ambayo Mungu anasema watu wataiona na kufurahi.

Nimelisoma swali hilo wiki hii nikimfikiria mchezaji mpira, Adebayo Akinfenwa.

Wengi wetu tunaifuata Ligi Kuu ya Uingereza na timu zake 20. Chini yake zipo timu 72 nyingine katika madaraja matatu, Championship, League One na League Two. Huko wachezaji wengi hupewa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na kila msimu unapokwisha klabu hutoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Akinfenwa aliishi huko karibu miaka 20. Alizaliwa London mwaka 1982, katika familia yenye asili ya Nigeria, na Ligi Kuu hakuicheza hata mechi moja.

Alianzia mbali zaidi ya huko chini. Akiwa kijana alikwenda Lithuania kuichezea Atlantas. Alikuwa mtu mweusi katika viwanja ambavyo watu walimzomea kwa rangi yake, naye amesimulia hadharani jinsi ilivyomuuma. Akabaki, akacheza. Aliporudi Uingereza, ndani ya mwaka 2003 na 2004 alipita Barry Town ya Wales, Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Klabu tano! Hebu fikirini, ndugu zangu: kila mara anafungasha, anaanza kujitambulisha upya kwa kocha mpya, na kusikia tena kwamba mwili wake ni mkubwa mno kwa mpira. Alikuwa na zaidi ya kilo 100. Baadaye mchezo wa kompyuta wa FIFA ukamtaja kuwa mchezaji mwenye nguvu kuliko wote, jina la utani likawa Mnyama, na dunia ikamjua kwa hilo. Lakini nguvu hizo hazikumpandisha hadi kule ambako dunia hupima watu.

Nataka tukae kidogo kwenye mikwaju miwili ya penalti.

Mei 2006 alikuwa Swansea City, fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Barnsley, mjini Cardiff. Mechi ikafika kwenye penalti. Akinfenwa akapiga, akakosa. Swansea ikabaki ilipokuwa. Baada ya hapo akaendelea: Millwall, Northampton Town, Gillingham, tena Northampton, tena Gillingham, kisha AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe mwaka 2002 baada ya klabu yao ya zamani kuruhusiwa kuhamia mji mwingine. Januari 2015 Liverpool, timu anayoishabikia tangu utotoni, ilikuja kwenye uwanja wao mdogo kwa mechi ya Kombe la FA. Akawafunga bao moja. Steven Gerrard akafunga mawili, Wimbledon wakatoka.

Mei 2016, Wembley, fainali ya mchujo wa League Two dhidi ya Plymouth Argyle. Wimbledon wanaongoza 1-0, dakika za majeruhi, penalti. Akinfenwa akauchukua mpira, akafunga. Wimbledon wakapanda daraja.

Najua jinsi ushuhuda huu unavyoweza kuhubiriwa: Mungu alimlipa mwaka 2016 kile alichokikosa 2006. Siwezi kusema hivyo, na sidhani Maandiko yananiruhusu. Kinachonigusa mimi ni ile miaka 10 iliyo katikati. Mtu aliyekosa mbele ya maelfu ya watu aliendelea kuamka asubuhi kwenda mazoezini Northampton na Gillingham, mahali ambapo kamera hazifiki sana, na siku penalti ilipotokea tena hakusogea pembeni. Yeye ni Mkristo na imani yake haifichi. Kama Bwana alikuwa naye Wembley, basi alikuwa naye Gillingham pia, siku ya Jumanne, mvua ikinyesha.

Na tazameni kilichofuata. Jioni ileile ya ushindi mkataba wake ulikuwa umefika mwisho. Ana miaka 34. Akasema mbele ya kamera za televisheni kwamba kwa sasa hana kazi, na kocha yeyote anayemhitaji amtumie ujumbe kwa WhatsApp. Watu walicheka, naye alicheka, lakini lilikuwa jambo la kweli. Julai akasajiliwa na Wycombe Wanderers, timu ya League Two vilevile. Pamoja nao alipanda daraja mwaka 2018, na Julai 2020, Wembley tupu kwa sababu ya korona, wakaifunga Oxford United 2-1 na kuingia Championship kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu. Msimu uliofuata wakashuka. Mei 2022 wakapoteza fainali nyingine ya mchujo, 2-0 mbele ya Sunderland, na hapo akastaafu akiwa na miaka 40 na mabao zaidi ya 200.

Wapendwa, shuhuda zetu nyingi zina umbo moja: nilikuwa chini, sasa niko juu. Nazifurahia. Ila zinamwacha kwenye benchi mama anayefundisha Sunday School ya watoto wanane kwa miaka mingi, na mwinjilisti wa mtaa ambao haukui. Hao hawana sehemu ya pili ya ushuhuda. Wanadhani bado wanangoja Mungu aanze. Zekaria 4:9 inasema mikono ya Zerubabeli imeiweka misingi na mikono yake ndiyo itakayoimaliza, mikono ileile, na kati ya misingi na kumaliza ni miaka ya kupima ukuta kwa timazi.

Wiki hii, katika sala zenu za jioni, naomba tuwataje wachezaji wa madaraja yale ya chini ambao mikataba yao huisha tarehe 30 Juni, na wake zao, na watoto watakaohamishwa shule. Tuwataje vijana wanaoachwa na akademia wakiwa na miaka 16 au 18, wakidhani maisha yamekwisha. Na kila mmoja ataje kwa jina mtu mmoja wa kanisani kwake anayefanya kazi ambayo hatujawahi kumshukuru kwayo, kisha Jumapili amtafute baada ya ibada, amwambie.