Marciano namba moja? Hapana aisee

Jana usiku pale kijiweni Magomeni tumebishana mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Mzee mmoja kang'ang'ania bondia Rocky Marciano ndo baba lao wa ngumi za uzito wa juu, mapambano 49 kashinda yote, 43 kwa KO (mtu analazwa chini haendelei), kastaafu 1956 na mkanda wake kiunoni. "Nyie mnaniletea Muhammad Ali, si kapigwa mara tano huyo!" Watu kicheko.

Mi namkubali Marciano, ila sasa tuangalie kampiga nani. Joe Louis alipopigwa naye 1951 alikuwa na miaka 37, Jersey Joe Walcott 1952 alikuwa na 38, na Marciano mwenyewe alikuwa na kilo 84 tu, leo hii angeshindania uzito mwingine kabisa. Ali kapoteza ndio, lakini kakutana na mabingwa kina Liston, Frazier, Foreman, we unaona hao ni wa mchezo?

Ila kuna kitu kimoja nakubali. Lile pambano la Walcott 1952, Marciano kaangushwa raundi ya kwanza, pointi yuko nyuma, raundi ya 13 ngumi moja ya kulia Walcott kalala kwenye kamba. Hapo mzee kanibana kweli, nikajifanya natafuna kashata.

Mi namweka kumi bora, tano bora hapana. Mzee kanuna, kahawa yangu hajalipa.