Njia ya Baiskeli Kwanza, Mahema Baadaye

Katika ukoo wetu, maandalizi ya kwenda kupiga kambi pwani ya kusini mwa Tanga, upande wa barabara iendayo Pangani, hayaanzi kwa kuhesabu mahema wala sufuria. Huanza kwa watoto kuuliza ni baiskeli ngapi zitakazofungwa juu ya gari. Watu wa mji huu hawatashangaa kusikia hivyo, kwa kuwa hapa kwetu baiskeli ni chombo cha kwenda sokoni, shuleni, kazini na msikitini, na mwanamke aliyevaa baibui akipita na baiskeli yake hakuna anayegeuka kumtazama. Mtoto wa Tanga huijua baiskeli mapema, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huamini kwamba akishaingia ndani ya ua wa kambi, penye lango na mlinzi, hakuna tena sababu ya kumwangalia.

Mimi naliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Barabarani mtoto huwa na hadhari kwa kuwa anayaona malori na kusikia honi za bodaboda, na mtu mzima aliye karibu naye hamwondolei macho. Kambini wote wawili hulegea kwa wakati mmoja: mtoto huona uwanja mpana usio na gari linalokimbia, na mzazi huona nafasi yake ya kupumzika imefika. Wakati huohuo, katika eneo dogo lile kuna kamba zilizotandazwa kila upande, majiko ya mkaa, magari yanayorudi nyuma kutafuta kivuli, wazee waliolala kwenye mikeka, na watoto wachanga wanaotambaa kwenda wanakotaka. Makaripio hayaondoi hatari hizo hata moja. Kinachoziondoa ni mpangilio wa kambi yenyewe, ndiyo maana nimeshikilia desturi moja ambayo baadhi ya ndugu zangu huiona kuwa ukaidi: tukifika, hakuna hema linalosimamishwa kabla ya njia ya baiskeli kuchorwa.

Kuchora ni kazi nyepesi. Mtu mmoja huchukua kuti la mnazi na kuliburura mchangani, akilizunguka eneo lote tulilopewa, na nyuma yake watoto huweka mawe au vifuu vya nazi kila baada ya hatua chache. Njia hiyo hupita nje ya mahema yote, wala haikatizi kati ya mahema mawili hata kama kufanya hivyo kungeifupisha safari ya kwenda bombani. Tunaichagua mahali penye udongo ulioshikamana, mbali na mizizi ya mivinje inayotokeza juu, na hatuipitishi chini ya minazi yenye nazi zilizokomaa. Waendeshaji wote huzunguka kwa kuelekea upande mmoja, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kurudi alikotoka hulazimika kuumaliza mzunguko. Kanuni hiyo peke yake imeondoa ajali ya watoto wawili kukutana uso kwa uso kwenye kona, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwavunja watoto meno.

Ndani ya mzunguko, yaani kwenye mahema na jikoni, baiskeli husukumwa kwa mkono. Hakuna mjadala hapo, hata kwa mjomba mwenye haraka ya kupeleka samaki jikoni. Watoto hushika sheria wanayoiona ikiwabana na wakubwa, na siku watakayomwona mtu mzima akikatiza huku ameketi juu ya tandiko, sheria hiyo imekufa.

Naomba nizungumzie kidogo kamba za hema, kwa sababu sijaona kitu kingine kinachodharauliwa kiasi hicho. Kamba hutoka juu ya hema kwa mshazari hadi kwenye kigingi kilicho hatua moja au mbili pembeni. Ni nyembamba, na rangi yake hupotea kabisa kwenye mchanga jua linapowaka na vilevile mwanga unapofifia. Niliwahi kumwona mtoto wa majirani zetu wa kambini akipenya kati ya mahema mawili kuuwahi mpira. Gurudumu la mbele lilikipita kigingi salama, lakini kamba ilimnasa kifuani na kumtupa chali. Alinyanyuka akilia, mwenye michubuko tu, ila ingekuwa shingoni habari ingekuwa nyingine. Tangu hapo tunabeba vipande vya vitenge vyenye rangi kali na kuvifunga kwenye kila kamba, usawa wa macho ya mtoto aliyeketi juu ya baiskeli. Hata hivyo vitambaa ni kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni njia kuwa mbali na kamba.

Magari nayo yana utaratibu wake. Tunayaegesha yote karibu na lango, vichwa vikitazama nje, ili asubuhi yatoke bila kurudi nyuma. Mtoto mwenye baiskeli ndogo yuko chini ya kioo cha nyuma cha gari, na dereva hawezi kumwona kwa vioo vya pembeni akiwa katikati. Ikilazimu gari lirudi nyuma, mtu mzima hushuka na kusimama nyuma yake hadi lisimame. Wapo wanaosema kwamba huko ni kuongeza kazi, nami nawajibu kwamba kazi hiyo haizidi dakika moja.

Baiskeli zenyewe hukaguliwa nyumbani, kabla hazijapakiwa. Fundi mmoja mzee wa Ngamiani alinifundisha kipimo ambacho sijakiacha: “Mwanangu, breki haipimwi kwa macho. Ibane, kisha isukume baiskeli kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, hiyo si breki.” Unabana ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Raba zikiwa zimekwisha, hubadilishwa hapohapo kwa gharama ndogo. Baada ya breki hutazamwa nati za magurudumu, mnyororo, na kengele. Kengele ina thamani kubwa kambini, kwa sababu mzee aliyempa mgongo mwendeshaji hana njia nyingine ya kujua kwamba kuna mtu nyuma yake.

Kuhusu ukubwa wa baiskeli nitasema wazi, ingawa najua nagusa desturi ya wengi. Watoto wetu wengi hujifunza kwa baiskeli ya baba, ile ndefu yenye mtalimbo wa juu, kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu na kukanyaga pedeli wakiwa wamepinda upande. Wanaimudu kwa ustadi unaopendeza kutazama, lakini mtoto aliye katika hali hiyo hawezi kuweka mguu chini ghafla, na akianguka mguu wake umenaswa ndani ya fremu. Uwanjani penye nafasi na bila watu anaweza kujifunza hivyo. Kambini, penye watoto wengine na majiko, hapana. Mwendeshaji wa kambini awe na uwezo wa kukaa kwenye tandiko huku vidole vya miguu yote miwili vikigusa ardhi, na kama hakuna baiskeli inayomtosha, watoto wapokezane ile iliyopo.

Kisha kuna suala la kupakizana. Mtoto anayebebwa kwenye keria huning'iniza miguu, na kisigino chake kikiingia kwenye spoki gurudumu halisimami hadi liwe limekata ngozi, wakati mwingine hadi mfupa. Kidonda cha namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Anayepakiwa avae viatu vilivyofunika kisigino, awe na mahali pa kukanyagia pande zote mbili za ekseli, na apakiwe na mtu mzima tu. Dera, kanga na baibui vina hatari inayofanana: pindo likiingia kwenye mnyororo au spoki, humvuta mwenye nguo. Dada zangu hulikusanya pindo na kulifunga kwa kibwebwe kabla ya kupanda, nami nashauri pia kifuniko cha mnyororo kisiondolewe kama wafanyavyo wengi ili kupunguza kelele.

Kofia ngumu watoto hawaipendi, lakini kwetu si hiari. Inapaswa kukaa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda yake ikikutana chini ya kila sikio, na mkanda wa kidevu ukiacha nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikisukumwa nyuma hadi utosini, paji lote liko wazi, na paji ndilo linalotangulia chini mtu anaporushwa mbele. Kofia ya bodaboda haifai kuwa mbadala, kwa sababu ni nzito kwa shingo ya mtoto na humziba masikio. Za mtumba zinapatikana, na hakuna ubaya kuzinunua iwapo utalikagua povu gumu lililo ndani. Likiwa na ufa au limebonyea, iache, kwani povu hilo hupokea pigo kubwa mara moja tu, na baada ya hapo halilindi tena.

Ufukweni kuna mambo ambayo mtu wa bara hayajui. Mchanga mkavu ulio juu ya alama ya maji hulimeza gurudumu la mbele na kuligeuza ghafla, na mtoto akibana breki ya mbele hapo, hupitiliza juu ya usukani. Mchanga wenye unyevu, maji yanapokupwa, ni mgumu na tairi hupita juu yake kwa wepesi; hakuna mahali pazuri zaidi pa kuendeshea baiskeli katika pwani yetu yote. Tatizo ni kwamba njia hiyo hukopwa tu. Maji huchukua saa 6 na dakika chache kutoka kujaa hadi kukupwa, kisha hurudi kwa muda huohuo, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hutoka mbali sana na kurudi juu sana, na mahali pa kwanza kujaa ni vile vijito vinavyokatiza ufuko, ambavyo wakati wa kwenda mtoto alivipita maji yakiwa vifundoni. Kwa hiyo tunaondoka maji yakiwa bado yanatoka na kuanza kurudi yakifika mwisho wa kupwa, bila kusubiri kuyaona yakigeuka. Saa za maji tunawauliza wavuvi wanaopanga ngalawa zao hapo jirani, nao hufurahi kuulizwa.

Nje ya lango hali ni ya barabara ya kawaida, na sheria zake zinajulikana: kushoto, kwa mstari mmoja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Kwetu mtoto wa chini ya miaka 10 hatoki langoni na baiskeli yake bila mtu mzima. Vijana wakubwa hupenda zaidi njia za ndani ya mashamba ya mkonge, zao lililoanza kupandwa nchini mwaka 1893 huko Kikogwe, Pangani, na ambalo limeupa mkoa huu sura yake. Njia hizo zimenyooka na hazina magari mengi, ila zina trekta, na ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu unaofikia usawa wa jicho la mwendeshaji. Waombe ruhusa ya mwenye shamba, wapite katikati ya njia, na wasishindane.

Magharibi ndiyo saa ninayoiogopa kuliko zote. Katika likizo ya Juni jua letu huzama saa 12 na robo hivi, na giza halikawii. Baada ya dakika 20 na kitu huwezi tena kuitofautisha kamba na kivuli. Ndio wakati ambao wapishi wanahangaika na mkaa, wengine wanakwenda kutawadha, na watoto wanaomba mzunguko mmoja wa mwisho. Hatuwapi. Kabla jua halijagusa minazi, baiskeli zote huegeshwa pamoja kando ya magari na kufungwa kwa mnyororo mmoja, mbali na njia ya kwenda chooni, kwa sababu baiskeli iliyolazwa gizani humwumiza mtu sawa na ile inayokimbia. Mwenye lazima ya kutumia baiskeli usiku awe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na aende kwa mwendo wa mtembea kwa miguu.

Mchubuko huoshwa kwa maji safi na sabuni hadi mchanga wote utoke, kisha hufunikwa. Pigo la kichwa ni jambo tofauti: mtoto aliyezimia hata kwa muda mfupi, anayetapika, anayelalamika kichwa kinazidi kuuma, au anayesinzia isivyo kawaida yake, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Kwa walio karibu na mji, hospitali ya Bombo ipo. Gari moja la kambini huwa na mafuta ya kutosha na dereva anayejulikana, na ufunguo wake hautoki nje ya kambi.

Tukirudi nyumbani, kabla ya mtu yeyote kuoga, baiskeli zilizopita ufukweni huoshwa kwa maji baridi, hukaushwa, na minyororo hutiwa oili, kwa sababu chumvi ya bahari ikikaa usiku kucha huanza kula vyuma vya breki. Baada ya siku chache tunazipeleka kwa fundi azikaze upya, kisha watoto hurudi nazo shuleni.