Chupa arobaini

Mwaka 2018 nilimfukuza mtoto wa dada yangu nyumbani kwangu kwa sababu ya chupa arobaini za asali.

Wakati huo tunakaa Isevya, hapa hapa Tabora mjini, mume wangu mwalimu wa msingi na mimi napika vitumbua asubuhi, na kusema ukweli vitumbua nilikua nimevichoka, ule moshi, yale macho mekundu saa kumi usiku, halafu unarudi na elfu nane. Sasa Tabora kila mtu ana ndugu anayemjua mtu mwenye mizinga porini, na ukienda popote nje ya mkoa ukisema unatoka Tabora swali la kwanza ni asali iko wapi, kwahiyo nikajiuliza mimi napambana na unga wa mchele wa nini. Nikakopa laki saba kwenye kikoba, nikapanda gari mpaka Sikonge, nikanunua kwa kikundi cha warina asali kilo 140 kwa shilingi 5,000 kilo. Asali ya miombo yenyewe, ina weusi flani hivi, ukiinusa unasikia moshi kwa mbali. Wakapima kwenye mizani yao, wakatoa uzito wa ndoo, wakaniandikia karatasi, ndoo tano za lita ishirini zimejaa pomoni.

Bei niliipanga kwenye gari wakati narudi. Yaani ilinichukua kama dakika tatu. Nimenunua elfu tano, nauza elfu saba, elfu mbili yangu. Sokoni lita moja walikua wanauza elfu kumi mpaka kumi na mbili, nikasema hawa wana tamaa, mimi nitawamaliza kwa bei, watu watanikimbilia. Elfu mbili mara 140 ni laki mbili na themanini, mzigo mmoja tu, nikawa nacheka peke yangu dirishani kama chizi.

Na watu walinikimbilia kweli. Mpaka wale wenye maduka pale soko kuu walikua wanatuma vijana waje kununua kwangu wakauze kwao, mi nafurahi najua ndio biashara imekubali. Kijana wangu, yaani huyo mtoto wa dada, alikua kamaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, ndio alikua msaidizi wangu, anamimina, anafuta chupa, anabandika lebo, anapeleka kwa baiskeli mpaka Cheyo na Ipuli. Mzigo wa kwanza ulipoisha nikahesabu chupa za lita moja tulizouza, mia moja. Nikarudia. Mia moja. Nilinunua 140, arobaini ziko wapi?

Mara ya kwanza nikajipa moyo, asali inanata kwenye ndoo, kuna povu la juu, kuna masega tumechuja, ndio biashara ilivyo, kuna hasara. (Chupa arobaini zinanata kwenye ndoo! Ndoo ipi hiyo.) Mzigo wa pili vile vile, mia moja. Hapo nikaanza kumwangalia kijana. Nikahesabu chupa kabla hajatoka na baiskeli, nikamnusa mdomo, msinicheke, nilimnusa kabisa. Siku namuuliza akanijibu kwa upole, "Mama mdogo, ndoo tano za lita ishirini ni lita mia moja, hiyo mia na arobaini itatoka wapi?" Mimi nikasikia jeuri. Nikamwambia kikundi kimepima kwa mizani mbele ya macho yangu na karatasi ninayo, wewe unanifundisha hesabu? Kesho yake nikampakia gari la Urambo arudi kwa bibi yake, yaani kwa mama yangu, na mama nikampigia kabisa nikamwambia huyu mtoto mkono wake mrefu.

Mzigo wa tatu nikamimina mwenyewe, mlango nimefunga. Mia moja.

Ungedhani hapo akili ingenirudi eeh? Nikaanza kumwangalia mume wangu. Mtu wa watu hata sukari kwenye chai haweki.

Na hela ilikua haionekani. Hicho ndicho kilikua kinanimaliza kuliko hizo chupa. Nimelipa kikoba laki saba na riba yake elfu sabini, nimenunua chupa, nimelipa lebo stationari, na kila nikimaliza mzigo natoa tena hela ya vitumbua kujazia, maana vitumbua sikuacha, ningeachaje. Mi nikaona ishu ni uvivu wangu. Kipindi hicho kwenye simu kila ukifungua kuna mtu kavaa suti anakwambia amka mapema, tajiri halali, pambana, nami nikaamka saa tisa badala ya saa kumi, nikawa naposti stetasi mara kumi kwa siku, nikajiongezea oda za mbali. Na kila nilivyozidi kupambana ndio nilivyozidi kukopa. Mwezi wa saba baridi ya Tabora ikaja asali ikaganda chupani, wateja wakaanza kurudisha wanasema nimechanganya sukari, nawaelewesha asali halisi inaganda kwenye baridi, iweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu inarudi yenyewe, mmoja akaniambia "na wewe karudi mwenyewe ulikotoka." Usiku huo nililia. Nikamwambia mume wangu nakata tamaa, nauza mzigo uliobaki narudi kwenye moshi wangu.

Mzigo uliobaki ulikua na oda moja ya Dar, ndoo nzima ya lita ishirini, mteja kashalipa mpaka usafiri. Nikaipeleka stesheni kwenye vifurushi iende na treni. Yule baba wa mizani akaiweka, akaangalia, akaandika kilo 29.

Nikamwambia baba, hiyo ni ndoo ya lita ishirini, imeandikwa hapo ubavuni. Akasema sawa. Nikamwambia basi ni kilo ishirini, weka na ndoo yenyewe ishirini na moja, hizo nane za nani? Foleni nyuma inanung'unika. Nikasema mizani yako mbovu, na mimi siku hizo kila mizani ilikua mbovu, ya Sikonge mbovu, ya hapa mbovu. Akanitazama, mtu mzima yule, akashusha ndoo yangu taratibu akasema, "Mama, hii ni asali. Ungeleta ndoo ya maji ningekuandikia ishirini na moja. Asali nzito, lita moja inakaribia kilo na nusu, kila siku zinapita hapa."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka niliomba kalamu nikapiga hesabu kwenye kiganja. Kilo 29 toa moja ya ndoo, 28. Ndoo tano ni 140. Hakuna tone lililopotea. Lita yangu moja ni kilo moja na pointi nne, ambayo kwa elfu tano tano ni shilingi elfu saba kamili. Nilikua nanunua elfu saba nauza elfu saba. Chupa bure, lebo bure, nauli bure, riba ya kikoba naitoa kwenye vitumbua, na wale wa soko kuu walikua wanachukua asali yangu kwa bei ya porini kabisa, nimewaletea mpaka mlangoni. Sikuwamaliza, niliwalisha.

Nililipia hizo kilo nane za juu kutoka mfukoni, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Usiku nikakaa na daftari. Asali 7,000. Chupa na kifuniko 600. Lebo 200. Nauli ya kwenda na kurudi Sikonge na kushusha mzigo, ukigawa, 400. Riba 700. Hiyo 8,900 na bado sijala. Nikaweka 2,000 yangu, ikaja 10,900, nikaandika elfu kumi na moja. Kesho yake nimetuma bei mpya, simu ikanyamaza siku nzima kama imekufa. Mwenye duka mmoja akanijibu "kwani nyuki wamegoma?" Mteja wangu wa kila wiki mwalimu mwenzie mume wangu akaniuliza kama naweza kumpa nusu lita, nikaanza kupima na nusu, hizo nusu ndizo zilizoniokoa mwezi ule.

Ila kabla ya yote nilienda Urambo. Nilibeba lita moja ya asali na lita moja ya maji kwenye mkoba. Kwa mama nikakuta kijana anapukuchua mahindi uani, akanishikia mkoba akanisalimia shikamoo mama mdogo kama vile hakuna kitu. Nikampa chupa mbili, moja kila mkono. Akazipima hivi na mikono, akanyamaza. Nikamuomba msamaha mbele ya mama, na mtu mzima kumuomba mtoto msamaha kwetu sio kitu unachokiona kila siku, mama aliangalia pembeni.

Baadae tunakula akaniuliza umepandisha mpaka ngapi, nikampa daftari. Akafuatisha kwa kidole, asali, chupa, lebo, nauli, riba, akafika chini, akarudi tena juu.

"Mama mdogo, na mimi uliniweka wapi?"