Kutoka Python kwenda Go bila mwalimu

Ukijifundisha mwenyewe lugha ya programu ya Go huku kazi za wateja zinakusubiri, usianze na kozi ndefu. Chukua skripti ya Python uliyokwisha kuiandika, mistari 100 hivi, tuseme inayosoma faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) na kujumlisha mauzo, uiandike upya kwa Go. Tatizo unalijua; kigeni ni lugha tu.

Fungua folda, andika go mod init mauzo kuanzisha mradi, na msimbo ukiwa tayari, go run . kuuendesha (nukta ni sehemu ya amri). Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako kwa mashine, itagoma: kigeu ulichokitangaza ndani ya funksheni bila kukitumia ni kosa, si onyo. Inaudhi, lakini utaizoea.

Hatari zaidi ni yale yasiyolalamika. Kwenye Python, a[:2] ya orodha hukupa nakala. Kwenye Go, b := a[:2] inatumia kumbukumbu ileile ya a. Kama a ni 1, 2, 3, ukiandika b = append(b, 99) kuongeza 99 mwishoni mwa b, a inageuka 1, 2, 99, kimya kabisa. Ukitaka nakala, tumia slices.Clone, iliyopo tangu Go 1.21.

Namba nazo: strconv.Atoi, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikikutana na "12,500" hurudisha 0 pamoja na err (taarifa ya kosa), kwa sababu ya ile koma. Ukiitupa err kwa _ (alama ya kupuuza thamani), mauzo hayo yamepotea na jumla bado inaonekana nzuri. Ondoa koma kwanza kwa strings.ReplaceAll, na err uikague kila mara, hata mkono ukichoka kuandika if err != nil.