Siku tuliyoiondoa XP

Ujumbe umejitokeza tena kwenye kompyuta ya binti yangu: huduma za Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hamia 11. Mashine yenyewe haina TPM 2.0, kipengele cha usalama, hivyo 11 haiitaki. Amekuja na flashi mkononi: "Baba, hii ya zamani nikiifuta, kuna kitakachoharibika?" Nikacheka. Babu yake naye aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, ila kwake halikuwa swali, lilikuwa onyo.

Mwaka ule ni 2014. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili, na siku tisa baadaye ikatoka Ubuntu 14.04, mfumo wa bure wa Linux. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: mmoja atoke, mwingine aingie. Kompyuta ya baba ilikuwa na mifumo miwili, na kila ukiiwasha menyu nyeusi ilikungoja sekunde 30 uchague: Windows 7, au "toleo la awali la Windows". Hilo toleo la awali ndilo XP, ambayo humo hata jina lake ilikuwa imenyang'anywa. Baba aliing'ang'ania kwa sababu ya skana yake, ambayo mtengenezaji hakuwahi kuitolea draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 7. Mnamjua baba.

Nyaraka zake tulishazinakili pembeni. Nikawasha kwa flashi ya Ubuntu bila kusakinisha chochote, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski. Diski ikajitandaza kwenye kioo: sehemu ya kwanza, sda1, ni XP; ya pili, sda2, ni Windows 7. Baba alikuwa nyuma ya kiti changu, miwani kichwani badala ya machoni. Kishale kilikuwa tayari juu ya sda1, kimebaki kubonyeza tu, nikaona alama ya kuwashia, ile inayoiambia kompyuta ianzie sehemu ipi, imekaa kwenye mstari wa sda1. Mbona iko kwa anayeondoka, si kwa anayebaki?

Nikaifungua sda1 kama folda ya kawaida. Faili za kuanzia za ntldr na boot.ini nilizitarajia, ndizo mali za XP. Lakini kando yake kulikuwa na faili ya bootmgr na folda ya Boot, vitu ambavyo XP haivijui wala haina kazi navyo. Hivyo ni vya Windows 7. Nikaingia sda2: folda ya Windows ipo, Users ipo, Program Files ipo. Bootmgr hakuna. Nikatazama tena. Hakuna.

Kumbe Windows 7 ilipoingia iliikuta sda1 ndiyo yenye alama, ikaweka faili zake za kuanzia humo humo. Alikuwa mpangaji mwenye chumba chake kizuri, ila funguo zake zinalala kwa jirani. Ningeifuta XP, Windows 7 ingebaki nzima, kila faili mahali pake, na isingeamka.

"Mbona umenyamaza?" baba akauliza.

"Huyu mzee ndiye anayemfungulia kijana mlango."

"Si nilikwambia!" Hakuwa ameniambia chochote cha namna hiyo, lakini nilimwachia ushindi wake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nikarudi Windows 7, amri ya bcdboot ikanakili faili za kuwashia hadi kwenye sehemu yake yenyewe, alama nikaihamishia huko, nikazima na kuwasha kuhakikisha inaamka kwa miguu yake. Ndipo XP ikaondoka. Ubuntu ikakaa mahali pake na GRUB, kianzishi chake, ikashika menyu.

Baba akataka kwanza skana. Nikaichomeka huku nikitunga maneno ya pole, lakini Ubuntu ikaitambua papo hapo, bila kuomba draiva. Ni kazi ya mradi wa SANE, ambao hubeba draiva za skana nyingi zilizotelekezwa na waliozitengeneza.

"Sasa XP tuliitunza ya nini?"

"Si kwa ajili ya skana?"

"Skana haikuihitaji."

"Basi kwa ajili ya zile funguo."

"Funguo umezihamisha hapa hapa nikikuangalia."

Nilitaka kumweleza kwamba kama si ile alama nisingejua hata pa kuchungulia, lakini alikuwa ameshaanza kuskani vyeti vyake, na vilikuwa vingi.