Siku moja yangu ziwani: kamba, jiwe na matope

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu inalia na sitaki kuamka lakini petroli iko kwa jerikeni tangu jana na madam wa vipimo hapendi kungoja. Mimi ni mtu wa boti hapa Dunga, Kisumu, injini ya nguvu za farasi 40, kawaida nabeba wageni wakaone viboko na ndege. Sasa wiki hii nimepata tena kazi ya kubeba watu wawili wanaopima kina kuanzia bandarini kwenda nje, juu kuna mpango wa kuchimba njia ndio matishali, zile boti bapa za mizigo, yapite na mzigo mzito bila kugusa chini. Mke wangu ananiuliza kila siku, kwa hivyo unalipwa kutupa jiwe kwa maji? Ndiyo mama watoto, nalipwa.

Saa kumi na mbili. Nawachukua bandarini. MV Uhuru iko gatini inapakia mabehewa ya mafuta ya kwenda Port Bell, Uganda, na hiyo kitu sichoki kuiona: reli inaingia mpaka ndani ya meli, behewa linasukumwa pole pole, unasikia ta-ta, ta-ta, halafu meli yote inajishusha kidogo kama mzee anakaa kwa kiti. Ni meli ya miaka ya 1960, nikiwa kijana ilikuwa imelala tu inaota kutu. Reli yenyewe ilifika hapa 1901 na tangu hapo mzigo wa Uganda ulikuwa unavuka kwa maji, so mtu akikuambia hii ni maendeleo mapya mcheke tu.

Saa moja mpaka saa nne. Hapa hakuna stori, ni kwenda na kurudi mstari kwa mstari kama mtu analima na ng'ombe. Mashine inatuma sauti chini na inahesabu inachukua muda gani kurudi, shida ni kwamba hapa karibu na mji chini kuna tope laini kama uji na mashine inachanganyikiwa haijui ni maji ama ni ardhi. Ndio kazi yangu na kamba inaanza. Kamba ina fundo kila mita, kwa fundo la nne nimefunga kitambaa chekundu. Unaachilia jiwe, hulisikii likigonga, linazama tu na kamba inalegea mkononi, ukivuta linarudi na tope la kijivu linanuka kama mtaro, na hilo tope likiingia kwa kucha halitoki hata kwa sabuni ya kipande.

Sasa sikia. Mara ya kwanza tulipima hapa kabla ya mvua, na mahali fulani nakumbuka vizuri kwa sababu kuna boya, kitambaa changu kilikuwa kinazama. Leo jiwe limefika chini na kitambaa kimebaki juu ya maji, chote, kikavu. Nikamwambia madam pengine ziwa limeshuka. Akanionyesha kipimo pale gatini, maji yamepanda. "Kapteni, ni chini ndio imepanda zaidi." Hiyo ni mito ya Kibos na Kisat na mitaro ya mtaa, na huko mbele mto Nyando unaleta udongo wa mashamba ya Nandi na Kericho. Watu wanaongea kuhusu kuchimba kana kwamba ni shimo la choo, unachimba mara moja umemaliza. Hii ni kama kufagia uwanja chini ya mwembe.

Saa tano. Injini inazima. Nyavu imejifunga kwa propela, naylon imekaza mpaka imeyeyuka kidogo, nikaning'inia nyuma na kisu nusu saa. Mwenyewe akaja na mtumbwi, mzee wa makamo, hakupiga kelele hata, na hiyo ndio iliniuma. "Nyathina, mwanangu, wewe ni wa hapa. Hujui natega hapa?" Nikasema pole mzee, nitalipa. Akauliza, "Na hizo meli zikija nyingi, nitamuuliza nani?" Madam akaandika kwa daftari. Aliandika nini sijui.

Saa saba. Tukamwalika mzee tukakula pamoja Dunga, samaki ngege wa mchuzi na ugali. Madam anasema tishali moja kubwa la kule mto Mississippi, Marekani, linabeba kama tani 1,500, na boti moja ya injini inasukuma 15 yakiwa yamefungwa pamoja. Nikapiga hesabu na kidole kwa meza, trela zetu za tani 28, tishali moja tu ni trela zaidi ya 50. Wacha nikubali, ukishapanga foleni Malaba, mpakani na Uganda, utaelewa hiyo namba ni tamu namna gani, na barabara nayo ingepumua. Lakini huko nako wana milango ya maji ya kupandisha na kushusha meli, wanachimba kila wakati, na 2022 mto uliposhuka matishali yakakwama foleni tu kama Malaba, hehe.

Mzee akauliza kuhusu ile ya Misri, ati meli itoke hapa Victoria mpaka Mediterania kwa Nile. Kwa karatasi ni nzuri, ila kuna maporomoko ya Murchison, kuna bwawa la Aswan, kuna kinamasi cha Sudd ambacho walianza kuchimba mfereji wa kukikwepa, Jonglei, 1978, vita ikausimamisha na lile limashine likabaki kuoza porini. Mzee akatafuna kichwa cha samaki akasema sisi tuanze na Kisumu kwanza. Namuunga mkono.

Saa tisa. Upepo umegeuka, unatoka ziwani, na umeleta gugu maji. Asubuhi hapa palikuwa wazi kabisa, sai ni shamba la kijani na maua ya zambarau, tumetumia makasia saa nzima mpaka gatini. Ukimaliza kuchimba njia, hili nalo utalichimba?

Saa moja usiku. Kaka yangu anapiga simu kutoka Busia, anaendesha lori la mafuta na yuko kwa foleni tangu jana. Anataka kujua hiyo kazi yenu ya maji itaanza lini, na najua kwa nini anauliza, juu mafuta yakipita kwa meli yeye atabeba nini? Nikamwambia bado wanapima. Akanyamaza, halafu akasema huko foleni chapati imepanda bei.

Kesho ni mistari ya upande wa Usoma. Lita 20 za petroli, na nusu ya malipo ya leo naipitishia kwa yule mzee asubuhi kabla hajatoka.