Pikapu mbili zilizopingana

Nilikuwa natafuta betri kwenye droo, mkono ukaishia kwenye pikapu ya zamani, kile kinasa sauti cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi, ile iliyotoka kwenye gitaa la umeme jeusi. Mwanangu akaigusisha msumari, ikaunasa. "Baba, kwa nini uliitoa?"

Nilitaka uzito wa sauti. Ile ya zamani ilikuwa na ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa kiloomu 8 hivi na sumaku ya alniko, aina ya aloi. Mpya ilikuwa kiloomu 16, sumaku ya seramiki. Namba hiyo huwapumbaza wengi. Waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi huongeza ukinzani na nguvu, lakini hufifisha sauti za juu, na besi ikikosa kukaza, distoshoni, ile sauti ya kukwaruza, hugeuka uji.

Kuitoa hakukuchukua muda. Kilichotesa ni mgongo wa volyumu, kile kifaa cha chini ya kitufe cha sauti, mahali nyaya za ardhi zinapolehemiwa. Chuma kile hunyonya joto, lehemu ikaganda juu juu bila kushika. Dawa yake ni kukwaruza kwa msasa, kutumia ncha pana yenye joto la kutosha, kisha kutoka upesi, maana ukikawia unaiunguza volyumu yenyewe.

Pikapu mpya ilikuwa na nyaya nne na mmoja mtupu: mweusi wa moto, yaani unaobeba sauti, kijani na mtupu kwenye ardhi, mwekundu na mweupe vikaunganishwa na kufungwa utepe. Hizo ni rangi za Seymour Duncan, mtengenezaji wa pikapu. Kwa DiMarzio, mtengenezaji mwingine, wa moto ni mwekundu, na mweusi huungana na mweupe. Mchoro wa mmoja usiutumie kwa mwingine.

Kabla ya kurudisha nyuzi niligonga sumaku kwa bisibisi, amplifaya ikajibu. Nyuzi ziliporudi, nikajaribu. Pikapu mpya, ya upande wa daraja, peke yake: nzito. Ile ya upande wa shingo peke yake: nene, safi. Nikaiweka swichi katikati, zote mbili zisikike, nikapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya E.

Besi yote ikatoweka. Kilichobaki kilikuwa chembamba, cha puani, kama redio ndogo iliyofunikwa blanketi. Nikarudisha swichi darajani, uzito ukarudi. Katikati tena, ukakimbia. Multimita ikasema kila kitu ni kizima, na ilisema kweli: ukinzani hauna mwelekeo. Pikapu zile mbili, za watengenezaji tofauti, zilikuwa zikisukumana. Moja ikipanda nyingine inashuka, na sauti za chini, ambazo karibu zinafanana kwenye pikapu zote mbili, ndizo hufutana zaidi.

Tiba ni kubadilisha nafasi za waya mweusi na wa kijani tu. Mtupu unabaki ardhini, kwa sababu ni ngao dhidi ya mvumo. Pikapu yenye waya mmoja uliofumwa nje haikupi nafasi hiyo. Hapo lazima uifungue.

Baadaye ikaja kazi ya kurekebisha urefu wa pikapu. Ukibana uzi kwenye freti (kipau cha chuma cha shingoni) ya mwisho, acha milimita 2 hivi kutoka juu ya pikapu, upande wa besi ukizidi kidogo. Sumaku ikisogea sana huvuta uzi, noti ikayumba na kufa mapema.

Uzito niliupata. Ila siku hiyohiyo nilitoa volyumu ya kiloomu 250 nikaweka ya 500, inayoachia sauti za juu zaidi, nikafunga na nyuzi mpya zenye unene wa kuanzia 10 hadi 52, kwa elfu za inchi. Pikapu ndiyo iliyosifiwa na kila aliyesikia, na sikuwahi kuirudisha ya zamani ili nihakikishe.